Siagi ya Denmark na macho ya watoto wa wafugaji



Msimu wa kupura ukifika, maswali ninayoulizwa njiani hubadilika. Mbolea na mbegu zinawekwa pembeni, yanaanza macho. "Bwana shamba, macho yananiwasha." "Bwana shamba, macho yamekauka, nikiyafumba nahisi kama kuna mchanga." Mimi si daktari wala muuguzi, nina stashahada ya kilimo na mifugo. Lakini kwa haya ya kila siku majibu yapo, na nitayasema upesi ili tuingie kwenye jambo lenyewe.

Macho mengi yanayokauka na kuchoka huku kwetu yanakaushwa na vitu tunavyoviona: vumbi la mahindi na alizeti, moshi wa jiko la mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha, jua la mchana kutwa bila kofia, usingizi mfupi, na siku hizi simu inayotazamwa gizani bila kupepesa. Nawa mikono, kisha uso, kwa maji safi. Usifikiche jicho. Pura ukiwa umeupa upepo mgongo, hamishia jiko penye hewa, lala. Dawa ya kunyunyizia ikirukia jichoni, mimina maji safi mengi jicho likiwa wazi kwa robo saa au zaidi, halafu nenda zahanati ukiwa na lebo ya dawa hiyo. Usitie jichoni maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama, wala tone lililobaki kwenye chupa ya jirani. Na jicho linalouma sana, lenye usaha, lisiloona vizuri au lenye doa jeupe kwenye kioo chake ni la hospitali siku hiyohiyo.

Hayo ndiyo ya kawaida. Leo nataka tuzungumze ukavu mwingine wa macho, ambao maji ya kunawa hayauondoi hata ukinawa mara kumi. Una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea kwenye zizi, kwenye kiwanda cha maziwa na sokoni. Kwa hiyo inatuhusu sisi tunaozalisha na kuuza kama inavyowahusu madaktari.

Nilianza kuifuatilia kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini nilisimamia kikundi cha akina mama waliokuwa na ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai. Nilikuwa na bidii kweli. Kila mkutano nilisema jambo moja: kila lita iende kituo cha kukusanyia maziwa, kila trei la mayai liende mnadani, usile mtaji. Ripoti zangu za mwezi zilipendeza. Mwaka wa pili mama mmoja alinivuta kando baada ya mkutano akaniambia, "Bwana shamba, huyu mdogo wangu jua likizama anakuwa kama kuku. Anapapasa ukuta, anakanyaga vyombo." Nilimwambia mtoto anaogopa giza, ataacha akikua.

Mama yule, Mungu amjalie, hakuniamini. Alimpeleka mtoto zahanati. Siku nilipopita kumjulia hali nilimkuta muuguzi yupo naye. Muuguzi alimuuliza, "Nyumbani kuna ng'ombe?" "Yupo." "Mtoto anakunywa maziwa?" "Yale ni ya kuuza." "Na mayai?" "Ya kuuza." Muuguzi hakunisema neno, alinitazama tu. Mtoto alipewa matone ya vitamini A, mama akaelekezwa chakula, na baada ya siku chache mtoto akaanza kutembea jioni bila kupapasa ukuta.

Ugonjwa ule ni wa kale. Wagiriki wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita waliandika kwamba asiyeona jioni apewe ini la ng'ombe pamoja na asali. Mwaka 1904 daktari wa Kijapani aitwaye Mori alichapisha maelezo ya watoto zaidi ya elfu moja waliokauka macho. Wengi walikuwa wa sehemu za bara, walioishi kwa nafaka na mboga bila samaki. Yeye aliwatibu kwa mafuta ya ini la samaki, na akaandika kuwa ini la kuku na samaki wa mkunga pia vinafaa. Kwa hiyo tiba ilijulikana. Kilichokosekana ni kujua ndani ya ini kuna nini, na kwa nini mtoto wa nyumba yenye chakula anaweza kuupata.

Kisa kilicholifungua jambo hili kilitokea Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya. Nitakaa hapo kidogo, maana mkulima yeyote wa ushirika atajiona ndani yake.

Katika miaka ya 1870 na 1880 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani na Urusi ilijaa Ulaya. Bei ya ngano ikaanguka. Wakulima wa Denmark, wengi wao wakiwa na mashamba madogo na ya kati, waliona nafaka haiwalipi, wakageukia ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1882, mahali paitwapo Hjedding, wafugaji waliungana wakaanzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika. Kila mwanachama alileta maziwa yake, na faida iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta, awe na ng'ombe wawili au arobaini. Wazo lilisambaa kwa kasi. Kufikia 1900 nchi nzima ilikuwa na viwanda vya namna hiyo zaidi ya elfu moja. Siku hizi mtu akitaka kutufundisha ushirika bado anautaja wa Denmark, na anayo haki ya kuutaja.

Mashine iliyowezesha hayo ilikuwa ya kutenganisha malai na maziwa kwa kuzungusha kwa nguvu, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1870. Zamani mama alisubiri malai yaelee yenyewe, akayaengua kwa kijiko, na mengine yakabaki. Mashine haikubakiza kitu. Malai yalitengenezwa siagi, siagi ikapakiwa kwenye mapipa, ikapelekwa hasa Uingereza, ambako siagi ya Denmark ilisifika na kulipwa vizuri. Maziwa yaliyobaki, meupe na mepesi, yalirudishwa kwa mfugaji. Aliyanywesha nguruwe, na nguruwe nao wakauzwa Uingereza. Mengine yakanywewa nyumbani.

Sasa watu wa Denmark walipaka nini kwenye mkate wao? Majarini. Mfaransa aitwaye Hippolyte Mège-Mouriès aliitengeneza mwaka 1869, na ilikuwa nafuu kuliko siagi. Mwanzoni ilitokana na mafuta ya ng'ombe, baadaye viwanda vikatumia zaidi mafuta ya mimea. (Sisi tumezoea kuviita vyote siagi, cha kopo na cha maziwa. Katika kisa hiki tofauti yake ndiyo kila kitu.) Mfugaji wa Denmark aliuza siagi, akanunua majarini, chenji akaiweka mfukoni. Kwa hesabu za daftari alifanya jambo la akili. Mimi ningemsifu kwenye ripoti.

Ndipo madaktari wa Copenhagen wakaanza kupokea watoto wadogo wenye macho makavu. Jicho linapoteza mng'ao, utando wake unakunjamana kama ngozi, mtoto hawezi kutazama mwanga. Kisha kioo cha jicho kinalainika, kinaoza, na pengine ndani ya siku chache tu jicho limekwisha. Kati ya 1911 na 1920 walikuwa mamia, na wengi walitoka familia za kipato cha chini, wakiwemo wa mashambani. Wengi hawakuwa na njaa. Walikula uji wa shayiri, mkate wenye majarini, na maziwa yaliyoenguliwa.

Daktari wa watoto Carl Bloch aliufuatilia ugonjwa huu kwa subira. Katika nyumba moja ya kulelea watoto aliona jambo la ajabu. Watoto walikaa katika sehemu mbili, umri uleule, hewa ileile. Katika sehemu moja walipata maziwa kamili, na macho yao yalikuwa salama. Katika sehemu ya pili maziwa kamili hayakuwamo kwenye mlo, na nusu ya watoto waliugua macho. Bloch aliwapa wagonjwa mafuta ya ini la samaki. Macho yakaanza kupona katika siku chache, hakuna kilichotiwa jichoni.

Bloch hakuwa peke yake kwenye njia hiyo. Mwaka 1913, huko Wisconsin, Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis walikuwa wakilisha panya vyakula vilivyopimwa. Panya waliopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai walikua. Waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walidumaa. Mwaka huohuo watafiti wengine wawili, Osborne na Mendel, walipata matokeo yanayofanana na hayo, na waliona macho ya panya wao yakiharibika. Kulikuwa na kitu ndani ya mafuta ya maziwa ambacho hakimo kwenye mafuta mengine hata yakiwa na rangi ileile na utamu uleule. Baadaye kitu hicho kiliitwa vitamini A.

Nieleze hapa kazi yake kwa kifupi. Nyuma ya jicho kuna sehemu inayopokea mwanga hafifu, na sehemu hiyo hutengenezwa kwa vitamini A, ndiyo maana dalili ya kwanza ni kutoona jioni. Mbele ya jicho, vitamini hiyo hufanya utando ubaki laini na wenye unyevu. Ikikosekana utando unakauka na kuwa mgumu kama ngozi ya kisigino. Nayo haikai kwenye maji ya maziwa, inakaa kwenye mafuta yake. Mashine ikitoa malai, imeitoa na yenyewe. Kwenye lile dumu lililorudi kwa mfugaji kulikuwa na protini na madini, lakini macho ya mtoto yalikwisha kupanda meli.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza 1914, Denmark haikuchukua upande. Iliuzia Uingereza, ikauzia na Ujerumani. Bei ya siagi ikapanda, na nyumba nyingi zikashindwa kuionja. Wagonjwa wa macho wakaongezeka. Kisha ukaja mwaka 1917. Mwezi Februari Ujerumani ilianza kuzamisha meli zote zilizoelekea Uingereza. Baadaye Marekani nayo ikaingia vitani. Meli zilizoleta mali ghafi za majarini na chakula cha mifugo zikakoma, na meli za kupeleka siagi nje zikawa hatarini. Majarini ikaadimika madukani. Mwishoni mwa 1917 serikali ikaamua siagi igawiwe kwa kadi, kila mtu robo kilo kwa wiki, kwa bei ambayo hata maskini aliimudu.

Ilikuwa shida kwa wafanyabiashara, bila shaka. Lakini katika wodi za watoto ugonjwa wa macho ulitoweka mwaka 1918. Hakuna dawa mpya iliyoletwa, hakuna kampeni. Siagi ilikosa meli, ikabaki nyumbani, watoto wakaila. Vita vilipokwisha, mgao ukafutwa, siagi ikarudi kuuzwa nje na majarini ikarudi mezani. Wagonjwa nao wakaanza kurudi.

Nimesoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara huwa nasimama palepale: nchi iliyokuwa mfano wa ushirika, yenye ng'ombe wengi namna ile, ilipofusha sehemu ya watoto wake kwa sababu kila mtu alifanya biashara vizuri. Hapakuwa na mtu mbaya katika kisa hicho, na ndicho kinachonisumbua.

Tutoke Denmark, twende kwa yaliyofuata, maana yanafika hadi kwetu. Ilionekana pole pole kwamba jicho kavu ni dalili tu, mwili mzima wa mtoto huwa umepungukiwa kinga. Mwaka 1932 daktari Joseph Ellison wa London aliwagawa watoto 600 waliolazwa kwa surua. Mia tatu aliwapa mafuta yenye vitamini A, mia tatu hakuwapa. Katika kundi la kwanza walikufa 11, katika la pili 26. Habari hiyo ikachapishwa, kisha ikasahauliwa kwa miaka hamsini, jambo ambalo sijalielewa hadi leo.

Aliyeifufua ni daktari wa macho wa Kimarekani, Alfred Sommer, akiwa Indonesia. Alikuwa akihesabu watoto wasioona usiku katika vijiji vya Java, akagundua kwamba watoto hao walikuwa wakifa zaidi kuliko wenzao. Yeye na wenzake wakaenda kaskazini mwa Sumatra, vijiji 450. Katika nusu ya vijiji watoto wadogo walipewa vitamini A kila baada ya miezi sita. Matokeo yalitoka 1986: katika vijiji vilivyopata, vifo vya watoto hao vilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja.

Madaktari wengi hawakuamini. Moja ya majaribio yaliyowageuza lilifanyika hapa Tanzania, katika hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, ambako surua ilikuwa ikiacha watoto wengi vipofu. Watoto 180 waliolazwa kwa surua walifuatiliwa. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, kati ya 92 waliotibiwa kwa njia ya kawaida bila hiyo walikufa 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Mwaka huohuo mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na watoto yakashauri mtoto mwenye surua apewe vitamini A pale ambapo upungufu ni tatizo. Kwa hiyo yale matone unayoyaona yakitolewa kliniki yamepitia Dodoma kabla ya kufika kijijini kwako. Watoto kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 hupewa mara mbili kwa mwaka, na kwa miaka mingi hapa nchini imekuwa Juni na Desemba.

Sasa turudi zizini kwetu. Sisemi usiuze. Maziwa na mayai ndiyo ada ya shule, ndiyo bima ya afya, ndiyo bati. Nasema pima cha nyumbani kwanza, ndipo ufunge dumu. Kikombe kimoja cha maziwa yasiyoenguliwa, yaliyochemshwa, kwa kila mtoto mdogo. Yai mara kadhaa kwa wiki, pamoja na kiini chake. Kama mnachinja, kipande cha ini kiende kwa watoto na si chote kwenye sahani ya baba na wageni. Mjamzito ndiye asile ini mara kwa mara, kwa sababu vitamini A iliyokwisha kuiva, ya wanyama, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyohiyo usinunue vidonge vya vitamini A ukajigawia mwenyewe. Waachie wa zahanati wapime.

Asiye na ng'ombe hajakosa. Mimea ina vitamini A ambayo mwili unaimalizia wenyewe: viazi lishe vya rangi ya chungwa, maboga, karoti, papai na embe bivu, na mboga za kijani iliyokolea kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya kunde. Kwenye viazi lishe uliza mbegu ya Kabode, Mataya au Kiegea. Viazi vyeupe na mahindi meupe havikusaidii hapo, hata ukila sufuria nzima. Na mboga hizo zipikwe na mafuta kidogo au karanga, kwa sababu bila mafuta mwili unaipitisha tu vitamini hiyo ikatoka.

Akina mama wanaokausha mboga, nawaomba hapa mnisikilize. Mlenda na majani ya kunde yanayoanikwa juani juu ya bati hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hii. Anikeni kivulini penye upepo, yafunikwe kwa chandarua au kitambaa chepesi. Rangi ya kijani ikibaki, ujue na kilichomo kimebaki.

Kwa wafanyabiashara wa mafuta nina maneno mawili. Mawese mekundu, yale ya Kigoma, ni hazina ya vitamini A, na wekundu wenyewe ndiyo hazina. Ukiyachemsha hadi yageuke meupe ili yasitie rangi kwenye wali, umeitupa. Kuhusu alizeti, mafuta yanayokamuliwa kijijini ni mazuri kwa kupikia, lakini hayana vitamini A yenyewe. Viwanda ndivyo vinavyotakiwa kuiongeza, tangu kanuni za mwaka 2011, na utaiona imeandikwa kwenye lebo. Majarini nyingi za siku hizi nazo huongezwa, soma kopo. Lakini mafuta yaliyoongezwa vitamini ukiyapanga kwenye chupa nyeupe kando ya barabara, juani, wiki mbili, unamuuzia mteja mafuta tu. Yaweke kivulini.

Jinsi ya kumtambua mtoto ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na huhitaji kifaa. Jua likizama, mwangalie anavyocheza. Anayekaa chini wenzake wakikimbia, anayepapasa sahani, anayejikwaa kwenye kizingiti anachokijua, mpeleke zahanati kesho yake asubuhi. Ukiona kwenye weupe wa jicho doa dogo kama povu la sabuni, au jicho limekosa mng'ao, usingoje kesho. Na mtoto akiugua surua, hata kama macho yanaonekana mazima, uliza kwa sauti: "Amepewa vitamini A?"

Yule mama bado ni mwanachama wa kikundi, na mwanawe sasa yuko darasa la tano. Mimi bado najaza fomu zilezile za mwezi. Zina safu ya lita zilizozalishwa na safu ya lita zilizouzwa. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, nimechora safu ya tatu ya lita zilizonywewa nyumbani, na kila nikipita kwenye vikundi nauliza na hiyo. Mwezi uliopita kaya mbili ziliniandikia sifuri. Wiki hii naanzia huko.